Shajara ya baiskeli ndefu: kumtuliza abiria wa nyuma

Jumapili, mwanzo wa Juni. Ilivyo kabla ya kuguswa

Fremu ni ya Phoenix ya zamani, ile ya rimu 28, niliyoitoa kwa mtu wa vyuma chakavu Mkuyuni, hapa Mwanza, ikiwa haina magurudumu. Nusu ya mbele iko kama ilivyotoka kiwandani. Nyuma ya bomba la kiti niliikata, nikairefusha kwa sentimita 33, nikaifungia gurudumu la inchi 26 lililotoka kwenye baiskeli ya gia iliyochoka. Sasa toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita 148, wakati ilipokuwa nzima ilikuwa inacheza kwenye 115. Cheni moja haifiki, nimeunga mbili. Breki ya mbele ni ile ile ya fito, inayovutwa kwa vyuma badala ya waya, ya nyuma ni ya kebo.

Niliitengeneza kwa ajili ya mzigo. Inabeba gunia la mkaa, madumu ya maji, na grili za madirisha ninazopelekea wateja Nyegezi na Butimba. Kwa mzigo haina shida. Shida ilianza mama alipoanza kuipanda. Mama anauza dagaa na mboga Nyegezi, na goti lake la kushoto limekataa kutembea toka huku Luchelele hadi kule. Bodaboda asubuhi na bodaboda jioni inakula faida yote ya siku. Basi anakaa nyuma yangu, kaelekea upande, ndoo mapajani, na tukifika anashuka na kusimama kwanza kashika keria mpaka mgongo unyooke ndipo aanze hatua. Halalamiki, hiyo siyo tabia yake. Lakini namwona, na inaniuma.

Kazi nitakayoandika humu ni hiyo: kuifanya baiskeli hii iwe ya starehe, na starehe yenyewe ipimwe kwa aliye nyuma. Huku kwetu baiskeli ni chombo cha watu wawili. Nimesikia ushauri mwingi kuhusu kiti kizuri na usukani mzuri, na karibu wote unamfikiria yule anayekanyaga pedeli. Wa nyuma anaachiwa vyuma vitupu na kipande cha gunia.

Jumatatu jioni. Kupima kabla ya kukata

Kabla ya kuwasha grinda nilitaka kujua mruko unatoka wapi. Nikachukua kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 4, mdogo wangu akaishika baiskeli wima juu ya sakafu ya sementi, nikapima kwa futi toka sakafuni hadi katikati ya keria, na toka sakafuni hadi kwenye kiti changu. Kisha tukalipandisha gurudumu la nyuma juu ya ubao na kupima upya.

Kiti changu kilipanda sentimita 2.4. Keria ilipanda 4.3.

Hiyo namba ya pili ilinifanya nikae chini. Ubao una sentimita 4, lakini mama anarushwa zaidi ya ubao wenyewe. Sababu ni wenzo. Gurudumu la nyuma likipanda jiwe, baiskeli nzima inajizungusha kwenye ekseli ya mbele. Aliye katikati ya magurudumu mawili anapata nusu ya mruko, aliye juu kabisa ya ekseli ya nyuma anapata mruko wote, na aliye nyuma ya ekseli anapata wote na nyongeza. Keria yangu niliifunga nyuma kidogo, kwa kuwa magunia yalitaka nafasi pale kati, hivyo katikati yake iko sentimita 10 nyuma ya ekseli. Gunia la mkaa halina uti wa mgongo. Mama anao.

Mimi niko sentimita 58 mbele ya ekseli ya nyuma, ndiyo maana nilikuwa nashangaa watu wakisema baiskeli hii inagonga. Mimi sikuwa nasikia.

Nikisogeza siti ya mama mpaka katikati yake ifike sentimita 20 mbele ya ekseli, hesabu inasema kila sentimita 4 za jiwe zitamfikia 3.5. Nikachora kwa chaki sakafuni nione kama sote tunaenea. Tunaenea. Siti ya urefu wa sentimita 40 inaishia nyuma tu ya kiti changu, na kwa kuwa anakaa upande, magoti yake hayanigusi.

Toka 4.3 hadi 3.5 ni karibu moja ya tano ya mruko, na haijanigharimu hata bolti moja mpya. Ndiyo faida ya kwanza ya baiskeli kuwa ndefu, kwani kwenye Phoenix ya kawaida hiyo nafasi ya mbele ya ekseli haipo, imeliwa na kiti cha mwendeshaji.

Jumatano. Matairi na upepo

Kuna kitu hapa ambacho watu wa baiskeli wenye haraka huwa wanakiruka. Springi ya kwanza ya baiskeli ni upepo ulio ndani ya tairi. Kokoto ndogo, zile ambazo zikijipanga zinakutetemesha mpaka meno, tairi laini linazimeza kabla ekseli haijajua kitu. Hakuna springi ya kiti inayoweza kufanya hivyo, kwa sababu springi ya kiti inasubiri chuma chote kiruke kwanza.

Kati ya 1887 na 1888 kule Belfast daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop, alimfungia mwanawe mipira yenye upepo kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu ili isimsumbue barabarani. Robert William Thomson alikuwa ameshaandikisha wazo kama hilo mwaka 1845, lakini ni lile la Dunlop lililoshika. Napenda kwamba lilianza na mtu aliyemwonea huruma mtoto wake anayerushwarushwa juu ya mawe.

Sasa njoo Nyegezi uone. Ukimpelekea kijana wa kompresa tairi la baiskeli anajaza mpaka liwe gumu kama jiwe la Bismarck, lile mwamba la ziwani Mwanza, kisha analipiga kofi kuonyesha kazi imekwisha. Tairi langu la nyuma ni la 26 kwa 2.125, na ubavuni limeandikwa 40 hadi 65 PSI, kipimo cha mgandamizo wa upepo. Nilipoweka geji lilikuwa limevuka hata hiyo 65.

Nikapiga hesabu ya uzito. Mimi nina kilo 68, mama 61. Kwa jinsi tunavyokaa kwa mpango mpya, kama kilo 94 zetu zinaangukia gurudumu la nyuma na 35 tu zinaangukia la mbele, bila kuhesabu baiskeli yenyewe. Kwa hiyo kujaza mbele na nyuma sawa hakuna maana. Nyuma nimeshusha hadi 48. Kwa 40 ilikuwa tamu zaidi, lakini kwenye lile jiwe lililochomoza kabla ya kufika Malimbe nilisikia rimu ikigusa chini, na rimu ikigusa chini tyubu inabanwa na kutobolewa mara mbili sambamba. Nikapandisha kidogo kidogo mpaka mguso ukaisha nikiwa na gunia la mchanga nyuma.

Mbele sina uhuru mkubwa. Rimu ya Phoenix ya 28 kwa 1½ inakaa tairi lenye kipenyo cha ndani cha milimita 635, na matairi mapana ya inchi 26 ni ya milimita 559, hayaingii hata kwa kulazimisha. Pale nimeshusha upepo tu, kiasi kwamba nikibonyeza kwa dole gumba kwa nguvu linakubali kidogo.

Nilimpakia mama jioni hiyo hiyo juu ya keria ya zamani, bila kumwambia nimefanya nini. Tulipofika kwenye zile rasta za barabarani, vile vituta vidogo vilivyojipanga, akasema, "Leo umepita wapi, baba? Hizi sizijui." Zilikuwa rasta zile zile.

Jumamosi. Mikono yangu

Nimeandika kwamba kipimo ni wa nyuma, lakini mwendeshaji mwenye mikono iliyokufa ganzi hawezi kulikwepa shimo, na shimo lisilokwepwa linamfikia mama. Vidole vyangu viwili, cha mwisho na cha pete, vilikuwa vinakufa ganzi nikivuka Butimba. Neva ya vidole hivyo inapita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo, na mimi nilikuwa nimeuegemeza mwili mzima hapo hapo.

Dawa ilikuwa kuinua usukani sentimita 6. Shingo ya usukani niliitoa kwanza nikaipima, kwani lazima sentimita 6 na nusu hivi zibaki ndani ya bomba, la sivyo siku moja utabaki na usukani mkononi. Yangu ilikuwa na urefu wa kutosha. Kwenye breki za fito kazi haiishii hapo: usukani ukipanda, fito nayo inapanda, na viatu vya breki vinabaki vimegusa rimu. Unalegeza kibano cha katikati, unaishusha fito kwa kipimo kile kile, unakaza tena, kisha unazungusha gurudumu ukisikiliza.

Kiti nimekiweka kwa njia ya mafundi wa zamani: kisigino kwenye pedeli, pedeli chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama. Baadaye ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo goti linabaki limekunjika kidogo. Nikaweka pima maji juu ya kiti. Pua ilikuwa inaelekea chini, na hiyo peke yake ilikuwa inanisukuma kwenye mikono.

Sasa nimekaa wima kama askari wa zamani kwenye doria. Uzito umetoka mikononi ukaja makalioni, kwa hiyo kile kiti cha ngozi chenye springi mbili nyuma kimepata kazi yake halisi. Vile viti vilitengenezwa kwa mtu anayekaa wima. Ukiinama mbele juu yake springi hazina cha kufanya.

Wiki iliyofuata. Mkia unaotikisika

Hili mama alilisema mwenyewe, kwa namna yake: "Nyuma inacheza kama mbwa aliyemwona mwenye nyumba." Kweli. Nikikanyaga kwa nguvu kupanda kilima, nyuma inajinyonga kushoto kulia, na yeye aliyekaa upande anabana misuli muda wote asije akateleza. Uchovu wake mwingi ulikuwa hapo, kwenye kujibana.

Fremu ya baiskeli yenye umbo la almasi haibonyei kwenda chini hata ukiisihi. Pembetatu zake zinakataa. Lakini kwenda pembeni inanyumbulika, na mimi nilipoirefusha niliongeza mahali pa kunyumbulika bila kuongeza pembetatu. Dawa yake ni mabomba mawili yanayotoka juu ya bomba la kiti na kushuka kwa kutanuka hadi pande mbili za ekseli ya nyuma. Yatashika mkia usinyongeke, na siti ya mama itakaa juu yake.

Mimi ni mtu wa kuchomelea, kila siku niko na grili na mageti. Lakini kwa hili nilikwenda kwa mzee mmoja wa Mkuyuni anayefanya kazi ya gesi, anayeziba rejeta na mabomba ya friji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo ni baiskeli au ngazi?"

Nikamweleza. Aliligonga bomba la Phoenix kwa ukucha, akasikiliza mlio. "Hili jembamba. Ukilipiga umeme utalitoboa, na usipolitoboa utalikausha pembeni ya mshono, litakatika hapo hapo. Kalisafishe mpaka ling'ae, ulete brazi."

Chuma kinayeyuka kwenye nyuzi joto kama 1,500. Brazi, ile shaba ya njano ya kuungia, inatiririka kwenye 900 hivi, kwa hiyo bomba jembamba linaungwa bila lenyewe kuyeyuka. Maungio ya Phoenix yenyewe yalifanywa hivyo kiwandani: bomba linaingia kwenye soketi, brazi inapita katikati.

Nilisafisha rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, upana wa vidole vitatu kila upande wa ungio. Mabomba ya nyongeza nilichagua meusi, siyo yale ya maji yaliyopakwa zinki, maana zinki ikipata moto inatoa moshi mweupe, na ukiuvuta moshi ule usiku unatetemeka kwa homa. Ncha za mabomba nilizichonga kwa tupa mpaka zikalikumbatia bomba la kiti bila mwanga kupenya. Hapo ndipo kazi ilipo. Brazi haipendi pengo kubwa.

Mzee alipaka ile poda nyeupe inayosaidia brazi kushika, akautembeza moto polepole kuzunguka ungio, hakuwa na haraka. Poda ikachemka, ikatoa mapovu, kisha ikawa maji ya kung'aa kama kioo. Chuma kikafika wekundu wa kahawa iliyoiva. Akagusisha ufito wa brazi upande wa juu tu, nami nikaona mstari wa dhahabu ukitokea upande wa chini, mahali ambapo hakuna aliyegusa. Brazi inaufuata moto na kuingia yenyewe kwenye mwanya. Nimechomelea miaka mingi na bado nilisimama nimeinama pale kama mtoto.

Akaiacha ipoe yenyewe. Kijana wake alitaka kumwagia maji, akamkataza kwa jicho.

Nilipoipanda kurudi nyumbani nilipanda kilima cha Nyegezi nimesimama juu ya pedeli, nikigeuka kuangalia mkia. Umeshika.

Mwisho wa Juni. Siti ya mpira

Rafiki yangu mmoja wa bodaboda alisisitiza niweke shokapu za pikipiki. Nilizifikiria kwa dhati, hata nikazishika mkononi. Lakini springi yake imepimwa kwa pikipiki na watu wake. Kwa kilo 61 za mama ingebaki imesimama tu kama nguzo. Halafu shokapu inahitaji bawaba, na bawaba ndiyo mlango wa kurudishia ule mtikisiko niliotoka kuulipia gesi.

Nikaenda kwenye mpira. Mwaka 1962 Mwingereza Alex Moulton alitoa baiskeli ya magurudumu madogo iliyotumia mpira kulainisha mwendo, na yeye ndiye aliyebuni mipira iliyobeba gari dogo la Mini la mwaka 1959. Uzuri wa mpira ni huu: springi ya chuma inakurudishia karibu nguvu yote uliyoipa, kwa hiyo inakurusha tena. Mpira unabaki na sehemu ya nguvu ile, unaigeuza joto. Unapokea pigo kisha unatulia. Na sisi tumekuwa tukijua tabia hiyo bila kuiandika popote, kila anayefunga tenga la samaki kwenye keria anatumia kamba za tyubu, siyo katani, maana katani inalegea na tyubu inabaki imeng'ang'ania.

Tyubu nilinunua kwa fundi wa katambuga, ya lori, nene, iliyotoboka mahali pamoja tu. Nikaiosha kwa sabuni, nikaikata mikanda ya upana wa sentimita 3. Kisu lazima kiwe kikali na mkono usisite, kwa kuwa ukingo wenye mkwaruzo ndio unaoanza kuchanika. Kila mkanda niliuinua juani nikautazama ukingo wake kwa kuuvuta taratibu. Penye kijichaniko mpira unafungua mdomo mara moja, unauona. Mikanda hiyo niliitenga, itafungia mzigo.

Fremu ya siti ni bomba la nusu inchi, sentimita 40 kwa 34, kona zimekunjwa, hazikukatwa. Mikanda ya urefu nilivuta mpaka kila sentimita 30 ikawa 40, nikaizungusha bombani na kuifunga kwa kamba nyembamba ya tyubu, mizunguko minane minane, bila fundo. Fundo linamkalia mtu. Mikanda ya upana nilipitisha juu, chini, juu, chini, kama mtu anayesuka kitanda cha kamba, ila hii niliivuta kidogo tu, ili iifuate ile ya kwanza badala ya kushindana nayo. Mdogo wangu alikuwa anashika ncha kwa plaizi, mimi nafunga. Jioni ile vidole vyetu vilinuka mpira hata baada ya ugali.

Kabla mama hajaikalia, niliweka juu yake gunia la mchanga wa ziwani, kilo 60, likalala hapo usiku. Ilivyopakiwa ilibonyea sentimita 3. Asubuhi ilikuwa 4. Mpira mpya kuvutwa unajinyoosha kwanza ndipo unakubali kazi. Nikafungua mikanda ya urefu mmoja mmoja, nikaivuta upya, nikalirudisha gunia. Safari hii haikushuka tena kwa kiasi cha kuonekana. Chini yake madigadi iko mbali sentimita 8, kwa hiyo hata tukiangukia shimo kuna nafasi.

Nimeweka na vitu vitatu ambavyo kwa maoni yangu vina uzito sawa na siti yenyewe. Cha kwanza ni ubao wa kukanyagia, upande wa kushoto. Miguu inayoning'inia inauvuta mgongo wa chini kila baiskeli inaporuka, lakini mguu uliokanyaga unapokea sehemu ya pigo. Nilimkalisha mama kwenye stuli, nikapima toka uvungu wa goti hadi kisigino, nikaufunga ubao kwa kipimo hicho.

Cha pili ni mshikio wa bomba nyuma ya kiti changu, umeviringishwa tyubu, ili asinishike mimi shati.

Cha tatu ni wavu. Khanga ikiingia kwenye spoku hakuna siti itakayokusaidia. Wanawake wengi wanaojua kupanda baiskeli wanajua kuibana khanga kati ya magoti safari nzima, na huko pia ni kujibana, kunachosha. Nilikwenda ufukweni kwa mzee anayeshona nyavu. Nilimkuta na wavu wa sangara magotini, akanikatia kipande cha wavu wa matundu madogo uliokwishachoka kwa kazi ya ziwani, na akanionyesha jinsi ya kuutungia kwenye ufito wa chuma kwa mshono wake mwenyewe, ule usioteleza tundu likikatika. Sasa pande zote mbili za gurudumu la nyuma, toka madigadi hadi karibu na ekseli, zimefunikwa. Ni mwepesi, hauzuii upepo wa ziwa, na hauna mlio.

Julai, Jumamosi ya soko. Mama anapanda

Tuliondoka kabla jua halijawa kali. Ndoo ya dagaa mbele, kwenye kikapu, siyo mapajani kwake. Hilo nalo niliamua, mtu aliyebeba ndoo hawezi kushika mshikio.

Alikaa, akajisogeza mara moja, akakaa tena. Akaweka miguu kwenye ubao. "Nenda," akasema.

Njia yetu ina sehemu ya mchanga, sehemu ya kokoto, halafu pale mvua za masika zilipochimba makorongo madogo ya kukatiza. Kwenye kokoto sikusikia kitu toka nyuma. Kwenye makorongo nilikuwa nimezoea kusikia pumzi yake ikikatika kila tunapoangukia, "hm, hm," na safari hii nilikuwa nasubiri sauti hiyo. Badala yake alikuwa anaongea. Ananisimulia habari ya mwanamke wa soko aliyeuziwa dagaa wenye mchanga, tangu Sweya mpaka tunaingia lami, bila kukatisha sentensi. Mwangaluka zake, salamu za asubuhi za Kisukuma, kwa wanaopita alizitoa zote bila kuachia hata moja.

Nyegezi akashuka na kuanza kutembea moja kwa moja kwenda kwenye meza yake. Hakushika keria. Mimi niliona, sijui kama yeye aliona.

Jioni nikamuuliza anieleze yote, asinifiche kwa kunionea huruma.

"Mgongo haukugongwa," akasema. "Siti haina shida katikati. Ila hapa," akashika nyuma ya paja, juu ya goti, "chuma chako kinakata. Na ukikata kona kushoto ubao wa miguu unanyanyuka."

Ni maelezo ya mtu aliyekaa kweli, na ni bora kuliko sifa.

Wiki hiyo hiyo. Marekebisho

Kinachomkata ni bomba la pembeni. Siti ikibonyea katikati, bomba la ukingo linabaki juu na paja linalikalia. Nimelikunja upande wa kushoto lishuke sentimita 3, nikaliviringisha sponji ya godoro na juu yake mkanda wa tyubu. Amekaa akasema sawa, lakini neno lake la mwisho nitalichukua baada ya siku nzima ya soko.

Ubao wa miguu haukuwa unanyanyuka, ulikuwa unajizungusha kwenye bolti moja. Sasa una bolti mbili na washa za kubana.

Mpira nimeufunika kwa mkeka uliokatwa kwa kipimo, maana jua la Mwanza linaupasua mpira mapema, na mafuta ya cheni au dizeli yakiugusa yanaulainisha mpaka unavimba. Mkeka unafunguka kwa kamba ili niukague mpira kila Jumapili, mkanda mmoja mmoja, hasa pale unapokunjia bomba.

Maungio ya brazi nimeyapaka rangi ya kuzuia kutu, koti mbili. Kabla ya kupaka niliyapitia kwa mwanga wa tochi nikitafuta ufa. Hakuna.

Yaliyobaki

Breki ya nyuma. Kebo ni ndefu kupita kawaida, na kebo ndefu inajinyonganyonga ndani ya ganda lake kabla ya kubana rimu. Nitaiacha kebo wazi sehemu ya katikati, ganda libaki kwenye kona tu, ili nguvu ifike. Kwa uzito wa watu wawili na mteremko wa kuingia Mkuyuni hili halisubiri, nitalifanya kabla ya Jumamosi.

Nati zote za siti zikazwe upya baada ya wiki ya kwanza ya kazi, spoku za nyuma pia zipigwe moja moja kusikia iliyolegea. Spoku za gurudumu la 26 nililoweka ni nyembamba kuliko za Phoenix, na mzigo mwingi uko juu yake. Nikipata habu ya nyuma yenye matundu 36 na spoku nene nitalisuka gurudumu upya.

Mama ameanza kuuliza kuhusu Sengerema, kwa dada yake. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za maji hazina tena kusubiri kivuko, na yeye hajaliona kwa macho. Nimemwambia kwanza tuende Usagara na kurudi, nione mpira unafanya nini baada ya mwendo mrefu juani, na paja lake linasemaje. Amekubali, ila anataka twende na mkeka mwingine, huu wa sasa rangi yake haimpendezi.